Kwa Papa Themba, Kipa Aliyekuja Hjulsta

Mpendwa Papa,

Leo nimeandika Papa peke yake, bila Themba. Kwa miaka mingi nilikuita Papa Themba, nawe ulijua maana yake. Kwetu Wakongo kila mwanamume mzima kanisani ni Papa fulani. Nilikuweka kwenye mstari huo pamoja na Papa wa gitaa na Papa wa kuhesabu viti, kwa adabu kabisa, ili nisilazimike kukuweka mahali pengine. Hukulalamika hata siku moja.

Jumapili kanisa litakukumbuka, mwaka sasa tangu utuache. Mchungaji ameniomba niseme machache mbele ya watu. Nimejaribu kuandika hotuba nikashindwa, kwa hiyo nakuandikia wewe, na wao watasikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipohamia kwetu Hjulsta, hapa Stockholm. Maman na mimi tulikuwa tumeshazoea kuwa wawili. Tulikimbia Uvira wawili, tukakaa kambini wawili, tukapata nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tano, na kila mtu alikuwa na chumba chake. Ndipo Maman akaniambia kuna mtu kutoka Afrika Kusini, mrefu, ambaye alikuja ibadani kwa sababu alisikia kwaya yetu kutoka nje akaelewa nusu ya maneno ya wimbo bila kujua ni lugha gani. Alilisimulia hilo akicheka. Mimi sikucheka. Nilijua chumba kimoja kinakwenda kuwa cha watu wawili.

Nikaamua kukujibu kwa Kiswidi tu. Kiswidi chako kilikuwa cha ghalani Jordbro, ulikokuwa unafanya kazi, cha masanduku, rafu na "angalia nyuma", kwa hiyo nilikuwa nakushinda. Wewe ukawa unanijibu kwa Kiswahili ulichokuwa unafundishwa na Maman jikoni. Kila neno lililofanana na Kizulu lilikuwa sikukuu kwako.

"Hawu! Amanzi, maji! Inyama, nyama! Abantu, watu!" Ulikuwa unapiga meza. "Ntombi, msichana wewe, sisi tuliachana lini?"

Nilikuwa naangalia sahani yangu nisije nikatabasamu.

Mpira ndio uliotukutanisha, na si kwa mapenzi yangu. Kwenye timu ya wasichana ya mtaani kipa wetu alihama, na kocha akanitazama mimi kwa sababu ya urefu. Mechi ya kwanza nilifungwa mpaka nikaacha kuhesabu, na viwiko vikachubuka vyote viwili. Maman alikuwa anavisafisha bafuni, ukapita mlangoni, ukavitazama, ukasema, "Hujafundishwa kuanguka." Hukusema zaidi. Kesho yake ulitoka kazini ukanipeleka kwenye nyasi nyuma ya majengo yetu, ukatandika godoro kuukuu, ukaanguka. Mtu mzima wa mita moja na sentimita tisini, na jaketi la kazi, alianguka chini mbele ya majirani. Kwanza paja, kisha nyonga, kisha ubavu, na mikono ikiwa tayari mbele. Bibi mmoja akafungua dirisha akauliza kama aite gari la wagonjwa. Siku hiyo nilicheka, Papa. Nilishindwa kujizuia.

Kati ya kuanguka na kuamka ndipo ulipokuwa unanisimulia maisha yako, vipande vipande. Uliniambia ulianza kukaa golini karibu na Durban kwa sababu watoto wote wa mtaa walivaa kaptula na wewe peke yako ulikuwa na suruali ndefu, ya kanisani, kwa hiyo wewe ndiye uliyeweza kujirusha kwenye changarawe. Mama yako alipoona magoti ya ile suruali alikukimbiza mpaka barabarani, halafu akashona viraka vya ngozi, akasema ukitaka kuchana chana hivyo. Ulikwenda Johannesburg ukiwa na miaka kumi na saba. Misimu mitatu ukakaa benchi, ukimpa kipa wa kwanza maji na taulo na kumwangalia jinsi anavyosimama. Siku alipoumia uliingia, ukadaka penalti, na hukurudi benchi tena. Ukaitwa timu ya taifa. Hukucheza hata dakika moja, lakini jezi ulipewa, na mama yako akaitandaza juu ya televisheni kama kitambaa.

Uliniambia pia jinsi wakala alivyokuahidi klabu kubwa Stockholm, ukashuka Januari na jaketi la mvua, ukakuta klabu ndogo na uwanja wa nyasi bandia ulioganda. Mpira wa kwanza ulipokugonga kiganja ulidhani umepigwa jiwe. Ulivumilia, ukacheza, mpaka bega likakataa. Mkataba ukaisha, ukaenda ghalani. Uliyasimulia haya bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwake.

Jambo moja tu hukunisimulia. Nililikuta mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Wavulana wa darasani waliandika jina lako kwenye simu, wakapata video ya fainali ya kombe kule kwenu. Dakika za mwisho, shuti dhaifu kutoka mbali, mpira unabingirika taratibu, unaudaka, unakuponyoka, unapita chini ya tumbo lako na kuvuka mstari. Uwanja mzima unapiga kelele. Umelala kifudifudi na huinuki. Waliirudia na kuirudia, wakaiga jinsi ulivyolala, na mmoja akaniuliza kama ndiye huyo anayenifundisha.

Nilifika nyumbani nikiwaka. Ulikuwa unamenya viazi. Nikakuwekea simu mbele ya uso.

"Huyu ni wewe?"

Ukakausha mikono kwenye suruali. "Ni mimi."

"Kwa nini hukutuambia? Unajifanya kipa hapa, kila siku unaniambia simama hivi, anguka hivi. Shule nzima inanicheka!" Kisha nikasema lile lingine, na kwa Kiswahili, ili nisikosee kukuumiza. "Wewe si baba yangu. Huna haki ya kunifundisha chochote."

Maman alikuwa amesimama mlangoni na koti la kazini mwilini. Akafungua mdomo, ukamwonyesha kiganja, taratibu. Ukavuta kiti. Ukaniambia, "Keti. Mimi mwenyewe sijawahi kuitazama. Tuitazame."

Tukaitazama. Mara ya kwanza mikono yako ilikuwa mezani, na maganda ya viazi yamekunata vidoleni. Mara ya pili ulisimamisha picha.

"Ona macho yangu. Yako wapi?"

Nikaisogelea simu.

"Yako mbele. Namtafuta beki wa kulia nimrushie mpira. Mpira bado sijaudaka, mimi nimeshautoa. Sasa ona goti. Limebaki juu, halikufunga mwanya." Ukaiendesha tena. "Mvua ilinyesha, lakini mvua haikunifunga. Ni mimi."

Nikauliza, kwa sauti ndogo sasa, "Halafu ikawaje?"

Ukaniambia watu walikuja kupiga kelele nje ya nyumba yenu wiki nzima. Jumapili mama yako alikushika mkono, akakutembeza kwa miguu katikati yao hadi kanisani, akakukalisha benchi la mbele. Timu ya taifa haikukuita tena. Ila klabuni uliendelea, na msimu uliofuata, ulisema, ndio uliocheza vizuri kuliko yote, na hakuna aliyeuweka kwenye simu.

Kisha ukarudi kwenye viazi. "Kesho tunafanya mipira ya chini," ukasema. "Ile ndiyo inayodanganya."

Baada ya siku ile nilianza kukujibu kwa Kiswahili. Hukusema umeona, lakini nilikusikia ukimnong'oneza Maman, na Maman akacheka kile kicheko chake cha puani.

Nisimulie na ile siku ya hospitali ya Flemingsberg. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uvimbe ulikuwa umeonekana tumboni mwako, na tarehe ya upasuaji ikaangukia siku ileile niliyoitwa kufanya majaribio na timu ya ligi. Nilikuwa nimeshaamua siendi. Asubuhi tulipanda treni watatu. Mapokezini, muuguzi akauliza Maman ni nani, nikajibu ni mke wake. Akaniuliza mimi ni nani.

Nikasema, kwa Kiswidi, "Ni baba yangu."

Lilitoka lenyewe. Ulikuwa umeinama ukifunga kamba za viatu, na ulizifunga kwa muda mrefu sana, Papa. Kamba zilikuwa mbili tu.

Kitandani ukanishika kifundo cha mkono. "Nenda uwanjani."

"Sitaki. Nitakaa hapa."

"Hapa kuna madaktari na wauguzi, na Maman yuko. Golini kwako yuko nani?"

Nilikwenda nikilia ndani ya treni, nikacheza. Jioni nilirudi na jezi ya matope chini ya koti. Maman alikuwa amesinzia kitini. Ulifumbua jicho moja.

"Mangapi?"

"Mawili."

"La kwanza?"

"Kona. Nilichelewa kutoka."

"La pili?"

"Lile lisingedakwa hata na wewe."

Ulitaka kucheka, mshono ukakukataza, ukabaki unahema na machozi yakikutoka pembeni. Wiki iliyofuata walinichukua. Tukapata miezi kumi na minne zaidi na wewe. Madaktari walikuwa wamesema sita. Yote nashukuru, hata ile mibaya, maana hata mwishoni, ukiwa huwezi kupanda ngazi, ulikuwa unanidai nikueleze kila goli nililofungwa, na nikipunguza kitu unajua.

Tulikurudisha Durban, kama ulivyotaka. Sikuwa nimewahi kufika. Wanawake wazee nisiowajua walinikumbatia wakaniita mtoto wa Themba, na nilielewa karibu nusu ya kila walichosema, kama wewe na kwaya yetu.

Baada ya mazishi mwanamume mmoja mwenye fimbo alikuja kuketi karibu nami. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ninamjua. Nikamwambia hapana. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga baba yako lile goli."

Nikamgeukia. Akaendelea. Alisema mpira ule haukuwa shuti hata kidogo, aliteleza. Alisema asubuhi iliyofuata, wakati mji wako mzima unakutukana, ulimpigia simu kumpongeza. Alidhani ni mzaha akakata. Ukapiga tena. Miaka michache baadaye alivunjika mguu, klabu ikamwacha, na waliokuwa wakiimba jina lake wakamsahau. Wewe ulikuwa tayari huku Uswidi. Ulimpigia kila Jumapili, mpaka siku alipoweza kutembea mwenyewe hadi dukani. "Kila mtu huniuliza kuhusu goli," akaniambia. "Hakuna anayeniuliza kuhusu kipa. Nimekuja ili angalau wewe ujue."

Zile simu za Jumapili, Papa! Maman alikuwa anafikiri unazungumza na ndugu yako.

Sasa nikuambie habari zetu. Maman ameanza kulala vizuri. Bado anafanya kazi wodini Flemingsberg, na sasa wenzake wanajua kusema "pole" na "haraka haraka". Mechi zangu za nyumbani anakuja na chupa ya chai, anamgombeza refa kwa Kiswahili, na refa hana la kumfanya. Mimi nasoma kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, maana nimeona bega lako lilivyokuwa likikunyima usingizi. Golini bado nipo. Ninafungwa, ninaamka. Namshukuru Mungu kwa kila saa uliyoitumia nyuma ya majengo yetu, baada ya zamu nzima ya kubeba masanduku, ukinirushia mipira kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa unauma.

Na kuna jambo hukulijua, wala Maman halijui, atalisikia Jumapili pamoja na wengine. Siku ile ya video, kabla sijaja kukuwekea simu usoni, nilikuwa nimepita chumbani nikafunga begi. Nilikuwa naondoka kwenda kwa shangazi yangu mjini Göteborg, na sikuwa na nia ya kurudi. Nilitaka tu nikutukane kwanza. Ungenipigia kelele, hata kidogo, ningekuwa nimepata sababu. Ungeniambia uongo, vilevile. Wewe ukavuta kiti, ukanionyesha goti lako lilipokosea, ukasema kesho tunafanya mipira ya chini.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikazitoa nguo begini moja moja, nikazikunja, nikazirudisha kabatini. Nilianza na soksi za mpira, maana kesho yake nilizihitaji.

Asante, Papa. Pumzika vizuri.

Ni mimi, binti yako,
Furaha