Kuhusu Ile Simu ya Baba

Uthiru, Nairobi

Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Baba na Mama nawapa shikamoo zao, uwafikishie. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenikaa kifuani na asubuhi nakohoa kidogo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na wewe na wanao?

Najua utaisoma barua hii baada ya kufungua kifurushi, na najua umeshakasirika. Uliagiza simu, umepata redio. Ngoja nikueleze.

Simu niliinunua. Nilipotoka kazini dukani nilipitia River Road, muuzaji akanionyesha ile ile uliyoitaka, yenye redio, tochi, kamera na kinasa sauti. "Hii ni kila kitu kwa moja, boss," akaniambia. "Mzee wako hatahitaji kitu ingine." Nikaamini. Nikasema kabla ya kuituma niijaribu mwenyewe, isije ikamsumbua Baba.

Nilishakusimulia habari za Baba Njeri, mwenye nyumba wangu. Kila jioni huja na kigoda chake mlangoni kwangu, tukasikiliza habari kwenye kiredio changu cha zamani, yeye akibishana na mtangazaji. Jioni hiyo nikafungua redio ya simu. Haisemi neno mpaka uchomeke waya za masikioni, na ukishachomeka unasikia wewe tu. "Wanasema nini?" akauliza. Nikamwambia. Baada ya kidogo: "Na sasa?" Nikampa waya mmoja, tukawa wanaume wazima wawili tumebanana vichwa. Mkewe alipita na ndoo, akacheka mpaka maji yakamwagika. Kesho yake Baba Njeri aliuliza mara moja tu. Siku iliyofuata hakuja. Alikaa mlangoni kwake na kigoda chake, hana analosikiliza. Ikabidi nikitoe kiredio changu tena ndipo akarudi.

Hapo nikaikumbuka baraza yetu. Uliniandikia kwamba tangu redio ya Baba ife, wazee wamehamia kwa Bwana Omari mwenye duka kusikiliza matangazo ya vifo, na Baba kwa macho yake yale hawezi kufika huko giza likianza kuingia. Ukasema anakula mapema, analala mapema, na siku hizi hata ubishi hana. Iliniuma sana. Baba bila ubishi ni nani?

Unajua ilivyokuwa. Tangazo likitoka, mmoja husema marehemu ni wa ukoo fulani, mwingine hukataa, na watakaokwenda kuhani hupangwa papo hapo kwenye mkeka wa Baba. Sasa mfikirie ana waya masikioni, wazee wamemzunguka wanangoja awatajie marehemu, na majina anavyoyachanganya! Angetuzikia watu walio hai.

Nikairudisha simu. Muuzaji akashangaa. "Unaacha hii yote uchukue radio pekee? Hata tochi haina!" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo naitaka. Akanifungia huku akitikisa kichwa.

Kwa hiyo picha za watoto zitangoja, na lawama zako nimezipokea. Lakini nakuomba, itie redio betri, yale mawe mawili makubwa, iweke dirishani upande wa barazani, na uifungue kwa sauti kubwa kabla matangazo hayajaanza, hata Baba akikuambia anataka kulala. Utandike na ule mkeka mrefu.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu muuza vitumbua. Bwana Omari naye mwombe radhi kwa niaba yangu, maana wageni wake nimewachukua.

Redio yenyewe nimeikagua pande zote. Haina tundu la waya. Baba hawezi kuisikiliza peke yake hata akitaka.

Ndimi mdogo wako,
Salim