Nimemwazima Mama Neema Paka Wangu

Jumapili, Julai 1993

Nimemtoa. Nimebishana na mabwana wakubwa nisishindwe, lakini leo jirani yangu Mama Neema amenishinda kwa maneno machache.

Mchana ulikuwa mzuri. Upepo wa Ufipa ulikuwa unakata, nikajibanza ukutani penye jua na gazeti, paka wangu Kidosho mapajani. Nilimsomea makala ya kusifu soko huria, akapiga miayo. Sina msomaji makini kuliko huyo.

Ndipo Mama Neema akaja. Tangu ushirika uache kununua mahindi, magunia yake yamelala chumbani pamoja na watoto, na panya wamehamia humo.

"Shikamoo, mwalimu. Niazime paka."

"Marahaba. Nunua sumu sokoni Majengo, kila kibanda wanauza."

"Nina mtoto anayetambaa. Na wewe ndiye uliyetuambia pale kilabuni tusiwauzie walanguzi, tusubiri bei. Basi tumesubiri. Panya nao wanakula."

Bado naamini nilisema kweli. Walanguzi wale ni wezi wenye leseni. Hata hivyo nilimkabidhi Kidosho, naye akanitazama kama msaliti.

Kinachonitisha ni nyumba ya tatu kutoka kwake, ambako wamemwaga sumu tangu juzi. Paka akila panya aliyekula sumu, basi tena. Nimemsihi Mama Neema asimwachie atoke hadi kukuche.

"Hatoki, mwalimu," akasema.

Nimepita pale jioni. Mlango wao ni gunia lililoning'inizwa tu.