Mbuzi wa Mume Wangu wa Kwanza

Mpendwa babu, mume wangu wa kwanza,

Jumamosi naolewa. Usinune huko uliko.

Nakumbuka siku ulipoambiwa una kansa ya ini. Amani yetu hapa Bunia ilikuwa ya kulala na viatu miguuni, lakini baba zangu wadogo walileta vita vyao sebuleni: mzee wa umri ule akatwe ini?

"Papa, iko muzuri utulie tu nyumbani."

"Weye njo utulie," ukajibu. "Miye niko na muke mudogo wa kulisha."

Mke mdogo ndiye mimi, mjukuu wako, niliyekuwa bado naunguza bugali.

Tukavuka mpaka pale Aru hadi hospitali kubwa ya nchi jirani. Daktari akasema umri peke yake haukatazi kisu. Hatari ipo, na kwa mzee huzidi kama moyo na pumzi ni dhaifu, au ini litakalobaki ni bovu. Akataka akuone ukipanda ngazi. Ulipanda, ila kila ghorofa ulisimama kuwasalimia wagonjwa usiowajua, ukiuliza hadi habari za mashamba yao, ili tu upate pumzi. Daktari alicheka lakini hakudanganyika. Akakuamuru utembee kila siku kwanza, ujenge nguvu. Ulinuna, ukatembea.

Alipouliza nani atakuuguza wodini, ukaninyooshea kidole: "Ule muke yangu." Maskini daktari! Alinivuta pembeni kuniuliza kama wazazi wangu wanajua. Nilicheka mpaka nikakaa chini, ndipo nikamweleza utani wa babu na mjukuu.

Asubuhi ya kisu sikucheka. Nilikuwa na hofu kuu. Wakikusukuma juu ya kitanda kwenda kupasuliwa, ukanishika mkono.

"Nikikufa, uolewe na ule unapenda. Nikitoka muzima, ule bwana atanilipa mbuzi."

Ulitoka. Ulipofumbua macho uliomba sombe, yale majani yako ya muhogo, wakakupa uji, ukamsema mpishi vibaya kwa sauti ya mgonjwa. Kisha ukaishi miaka, ukawazika hata majirani waliokuwa wamekwisha kukulilia. Mwaka jana uzee wenyewe ndio uliokuchukua, umeshiba, usingizini.

Mchumba wangu alidhani sharti lako limezikwa nawe. Nikamwambia bila mbuzi hakuna ndoa. Leo amemleta kwa pikipiki, mbuzi kakaa katikati kama mama anayetoka sokoni. Tumemfunga uani, karibu na kiti chako.

Analia. Mimi pia.

Ni mimi, mke wako mdogo.