Mtihani wa Katibu wa Wasafishaji Meno

S.L.P. 214,
Malindi.
15 Septemba 1985

Mpendwa Kaka Gerishom,

Shikamoo kaka. Ndola kwasemaje? Na mgongo wako, je, bado wakusumbua ukiinama? Barua yako ya Julai ilisema shemeji Nyakio ana homa, nikakaa na wasiwasi mpaka jirani mmoja aliyerudi kutoka huko akatuambia amemwona sokoni mzima, abishana na wauza nyanya. Nikajua amepona.

Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Mama yetu, mwaitu, miguu yamvimba jua likiwa kali, lakini mdomo haujavimba hata kidogo. Tangu asubuhi ameketi hapa ubavuni, kila nikishika kalamu aniongezea salamu. Mume wangu Kamande amehamishiwa shule ya Ganda, aenda kwa baiskeli na kurudi mweusi kama chungu. Maji ya bomba hapa Shella yaja siku moja, yakatika mbili. Hayo ndiyo maisha, hatulalamiki.

Sasa kaka, tafuta mahali ukae. Sikuandikii kwa tanzia wala kwa kuomba kitu. Leo nakuandikia kujitapa, na nitajitapa sana. Ukichoka mpe Nyakio amalizie.

Wakumbuka siku niliyorudi kutoka Nairobi na cheti changu? Nyumba imejaa watu, chai imemiminwa, nawe ukasimama ukasema, "Jedida, miaka miwili yote umesomea kufagia vinywa vya watu?" Watu wakaangua kicheko. Hata Susu Kasiva, Mungu amlaze pema, alicheka mpaka akashika mbavu, na yale meno yake ya mbele yaliyochongwa ujanani yote nje. Akasema enzi zao msichana alichongwa meno apendeze, na sasa mjukuu wake ayapiga deki. Nami nilicheka. Lakini moyoni nilikasirika, kaka, na hasira hiyo nimekaa nayo miaka minane.

Basi leo nimeitua. Mfagiaji wako wa vinywa ni katibu wa chama kilichotambuliwa na serikali! Kuanzia Januari, hapana mtu kutoka Mtwapa mpaka Lamu atakayetia chuma kinywani mwa mwenzake kumsafisha meno bila leseni ya Chama cha Wasafishaji Meno wa Pwani. Na leseni hiyo haiwi leseni bila sahihi yangu.

Lakini ilibaki unywele tukose yote, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nitakueleza tangu mwanzo, maana najua hukuwahi kuelewa kazi yetu ni nini.

Sisi hatung'oi jino, hiyo ni kazi ya daktari. Sisi twakwangua ukoga, twatibu fizi zinazotoka damu, twafundisha watoto kupiga mswaki. Miaka ya nyuma walizuka watu wenye vikoba, wazunguka masokoni na vile vyuma vyetu vya ncha iliyopinda, watoa kinywani mwa huyu watia kinywani mwa yule, katikati kitambaa tu. Watu wakapata madonda. Ndipo mwaka wa themanini na moja tukakutana watu watatu: mimi, Kache wa Kilifi na Kahindi wa Mtwapa. Tukaandika kanuni zetu nyuma ya kalenda ya duka la Manilal. Ya kwanza, vyombo vichemke dakika ishirini kwa saa, si kwa kukisia. Ya tatu niliitunga mimi, tena kwa maringo: asiyesafisha kinywa cha mtu mbele ya wenzake wawili, nao wakatia sahihi, jina lake lisiingie daftarini, hata awe na cheti cha wapi.

Siku hiyo hiyo tukaanza kujaribiana. Kinywa tulikuwa nacho kimoja, cha Kiponda, mlinzi wa zahanati. Kache akasafisha upande wa juu, mimi na Kahindi tukatazama. Kahindi akasafisha chini, mimi na Kache tukatazama. Ilipofika zamu yangu, Kiponda akainuka, akasema kinywa chake si shamba la ushirika, akaenda zake. Tulicheka mpaka machozi! Wenzangu wakaniambia, "Wewe ndiwe uliyetufundisha, utajaribiwa siku nyingine." Nikafungua daftari jipya, nikaandika jina langu namba moja.

Siku nyingine haikuja. Miaka minne nimejaribu watu wa pwani nzima. Nimewarudisha nyumbani wakilia. Gona wa Takaungu, kijana hodari, nilimwangusha mara mbili kwa sababu hakunawa mikono mpaka viwiko, ya tatu ndipo akapita. Nami sikukumbuka hata siku moja kwamba pembeni mwa jina langu hapana sahihi ya mtu. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, tulimfuta Nahashon. Huyu alikuwa mwenzetu, namba kumi na tisa, akifanya kazi Mtwapa. Ana ulimi wa asali na mkono mwepesi, lakini tulimkuta mara tatu avifuta vyombo kwa shati lake na kuita mtu wa pili. Tukamwonya, akaapa. Tukamkuta tena. Nikapiga mstari mwekundu juu ya jina lake kwa mkono wangu.

Hakukaa kimya. Mabwana afya watatu walipopangiwa kuja Kilifi tarehe saba mwezi huu, kutusikiliza na kuamua kama chama kipewe mamlaka, naye akaandika malalamiko yake, yakawekwa mezani pamoja na ombi letu. Akishinda yeye, chama kimekufa, na wale wa vikoba wote warudi sokoni.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Wanachama wote walikuja, hata wa Lamu. Tulikuwa na shahidi, Motiben, mama yake Manilal. Bibi huyu alitafuna tambuu miaka arobaini, fizi zikawa zatoka damu akicheka, nikamtibu mwaka wa jana. Alikuja kusema alivyopona.

Nahashon akapewa nafasi. Kaka, hakupiga kelele. Aliomba daftari tu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaligeuza liwaelekee mabwana afya, akaniuliza kwa adabu zote, "Mama Katibu, kila jina hapa lina sahihi mbili. Lako wewe namba moja sizioni. Nani alikujaribu?"

Maji yakanifika shingoni. Akaendelea: kama wa kwanza hakujaribiwa, aliowajaribu nao ni nani? Na kama wao si kitu, yeye amefutwa na nani? Nikawaona wale mabwana wawili wa pembeni wakitazamana. Wa katikati, ambaye mwenyewe ni daktari wa meno, mzee mwenye miwani mizito, hakuniondolea macho.

Kache alikuwa ameketi nyuma yangu. Akaniinamia sikioni, "Sema karatasi ilipotea. Mimi na Kahindi tutaapa kwamba tulikujaribu." Nakiri, kaka, nilifungua kinywa niseme hivyo hasa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha nikamwona Gona amekaa safu ya pili, Gona niliyemrudisha Takaungu mara mbili kwa ajili ya viwiko. Nikaona haya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Nikasimama nikasema kweli yote, pamoja na Kiponda na shamba lake la ushirika. Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nikachukua kalamu nyekundu, ile ile niliyomfutia Nahashon, nikapiga mstari juu ya jina langu. Mstari ukaenda kombo. Nikasema, "Sasa simo. Naomba nijaribiwe leo, hapa, kama mtu mwingine yeyote, na Kache, na Gona."

Gona alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Yule daktari akauliza kinywa kitatoka wapi, maana ukumbi mzima watu walikuwa wamekwisha kuifunga midomo. Motiben akainuka na fimbo yake. "Changu hiki," akasema. "Na mimi sikimbii kama huyo Kiponda wenu. Ila vyombo vichemke kwanza. Nazijua kanuni zenu."

Tukaweka sufuria kwenye jiko la mafuta ya taa, katika jiko la kanisa, mlango wazi watu wote waone. Kache akavua saa yake akaiweka juu ya meza. Kaka, dakika ishirini ni ndefu usivyojua. Maji yalichemka, vyuma vikagongana ndani. Bwana afya mmoja akapiga miayo, akatazama saa yake, akasema, "Nadhani yatosha." Nami kwa hofu na kutaka yaishe, nikanyoosha koleo nivitoe.

Kache akanipiga mkono. Akanipiga kweli, pah, mbele ya serikali! "Bado dakika moja," akasema. Rafiki yangu huyo, ambaye punde tu alikuwa tayari kuapa uongo kwa ajili yangu. Nikarudisha mkono. Tukangoja dakika hiyo moja sote, na yule bwana afya naye akangoja.

Nikanawa mpaka viwiko, Gona amenisimamia kama askari. Halafu nikaketi mbele ya Motiben, nikashika kijioo, na hapo hofu ikaniacha. Kazi yenyewe naijua, kaka. Nilianza magego ya chini, nyuma ambako tambuu hujificha, nikaja mbele taratibu, ukoga watoka vipande vipande, damu hakuna. Gona alikagua jino moja moja. Akanionyesha mahali nyuma ya chonge niliporuka. Niliruka kweli! Nikarudia. Daktari naye akaomba kijioo, akanawa bila kuambiwa, akatazama muda mrefu, akamwuliza Motiben kama ameumia. Motiben akasema ameumia mgongo tu kwa hicho kiti cha kanisa.

Kache akaandika jina langu upya, mwisho kabisa wa orodha, akatia sahihi. Gona akaishika kalamu, akanitazama, nikadhani sasa atalipiza kisasi. Akatia sahihi kubwa kuliko zote zilizomo daftarini.

Wale mabwana walitoka nje wakazungumza kwa muda wa kunywa chai. Waliporudi, daktari alisema maneno machache. Alisema daftari lina kosa moja, na mwenye kosa amelifuta kwa mkono wake. Alisema aliyewafundisha hawa amejaribiwa mbele ya macho yake, na kwamba yeye amezunguka vyama vingi lakini hajawahi kuona katibu apigwa mkono na mwanachama kwa ajili ya dakika moja. Mamlaka tumepewa. Nahashon kafutwa na kafutika.

Ukumbi ulilipuka, kaka! Vigelegele mpaka watu wa barabarani wakadhani ni harusi. Kahindi alinibeba, na unene wangu huu. Motiben acheka kinywa wazi, awaonyesha watu meno yake kama bidhaa dukani. Nami nililia, sikuficha. Nilijua wewe hukuwapo, nikalia na kwa hilo pia.

Nahashon alinifuata mlangoni. Nilidhani aja kunitukana, na nilikuwa na majibu tayari, wanijua. Kumbe auliza mtihani ujao ni lini. Nikamwambia ni mwezi wa Novemba, aje na sufuria yake mwenyewe. Akasema atakuja. Akija nitamjaribu kwa haki, ila nitamtazama viwiko.

Tuliporudi nyumbani nilimsimulia mwaitu yote, hata lile la kutaka kudanganya. Hakunisifu. Alisema njia ya mwongo ni fupi, akanipa chakula. Asubuhi yake nikamsikia uani awasimulia majirani mara ya tatu, na katika masimulizi yake mabwana afya wamekuwa saba.

Jambo moja limebaki. Wenzangu wataka niandike daftari jipya, safi, jina langu nirudishe juu, kwa kuwa ndimi niliyeanza. Nimekataa. Ukurasa ule ubaki ulivyo, mstari wake kombo na yote, na kila mgeni ajaye kujaribiwa nitamwonyesha kwanza huo.

Sasa nakuomba neno moja. Ukija Desemba, watu wakijaa nyumbani na chai ikimiminwa, simama tena pale pale uliposimama siku ile, uwaambie dada yako afanya kazi gani. Nitakuwa nimekaa pembeni ya mwaitu, nasikiliza.

Msalimie sana shemeji Nyakio, na wanao wote wawili, waambie shangazi atawatazama meno kabla hajawapa peremende. Mwaitu akusalimu mara ishirini, nimehesabu. Kamande akusalimu, na Motiben akusalimu ijapokuwa hakujui. Mungu akulinde kwenye kazi yako, aukaze mgongo wako, akurudishe nyumbani ungali na meno yako yote.

Dada yako akupendaye na aliyekwisha kukusamehe,

Jedida,
Namba 32.