Ngoma ya Kopo ya Keza

Bwiza, Bujumbura

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana kila nikikaa najikuta nimeinuka. Goti lako vipi? Limekubali dawa, au bado unashuka kitandani kwa awamu? Na Mama anakula, au anawadanganya kwa kuchokoa chokoa sahani? Mimi mwili ni mzima. Kisichotulia ni kichwa. Mara ya mwisho kwenye simu uliniambia, "Hadija, likizo hii pumzika, usigombane na mtu." Nilijitahidi, dada. Nilidumu karibu wiki nzima.

Huku shule zikifunga kiangazi zinafunga kwelikweli, na wazazi wenye kazi hawajui wawaache wapi watoto. Shule moja ya chekechea kule Ngagara ikaniomba nishinde asubuhi na wadogo wa miaka minne hadi sita, niwafundishe kazi za mikono: kukata, kubandika, kupaka rangi. Mwalimu mkuu, mama mpole anayening'iniza miwani shingoni, ambaye sote tunamwita Direktrisi, akanikabidhi bahasha ya picha alizozitoa mtandaoni. Juu imeandikwa Kiangazi. Ndani kuna aiskrimu za kukata kwa karatasi ya waridi, mwavuli wa ufukweni, kiti cha kulalia, na jua lililovaa miwani myeusi likitabasamu.

Jua gani hilo linalotabasamu? Kiangazi cha Bujumbura ni vumbi linaloingia mpaka kwenye chumvi. Ni milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kupotea kabisa ndani ya moshi na vumbi hadi udhani wenyewe wameihamisha. Watu wamesoma, wana vyeti ukutani, halafu wanamwambia mtoto wa Ngagara kwamba majira yake hayako nje ya dirisha, yako kwenye mashine ya kuchapia. Tunawafundisha kutojiona wangali wadogo, wakikua tunaandika makala ya kulalamika kwamba hawajithamini. Nimeyaandika mengi ya hayo makala mwenyewe. Basi nikazigeuza zile picha, tukatumia upande wa nyuma, ulio mweupe.

Nikawauliza watoto kiangazi ni nini. Mmoja akasema vumbi. Mwingine akasema kukohoa. Kisha kabinti kamoja kakasema harusi, na darasa zima likakubali kwa kelele. Ni kweli: huku watu wengi husubiri mvua zikatike ndipo waoe, na kila Jumamosi misafara inapita ikipiga honi, na penye sherehe kubwa wapiga ngoma hawakosekani. Kwa hiyo tukatengeneza harusi. Tulisuka kofia za majani makavu ya mgomba, tukakata magari ya maboksi yenye magurudumu ya vizibo vya soda. Na tukatengeneza ngoma. Nilikusanya makopo ya maziwa ya unga, nikamwomba fundi baiskeli wa mtaani kwetu mabaki ya mipira ya ndani ya matairi. Tukaivuta ile mipira juu ya makopo na kuifunga kwa kamba. Inalia vizuri mno, ungecheka.

Yule kabinti aliyesema harusi anaitwa Keza, ana miaka mitano. Wenzake walifunga ilimradi. Yeye aliuvuta mpira kwa meno, akaugonga, hakuridhika, akafungua, akafunga tena. Ilipomtosheleza aliiweka ngoma kichwani kama wafanyavyo wapiga ngoma wakiingia uwanjani, akazunguka darasa akiipiga kwa vijiti, mikono juu. Hapo mlangoni akatokea babu yake, Mzee Bonifasi, aliyekuja kumchukua. Keza humwita Sokuru, yaani babu kwa Kirundi. Mzee alisimama. Akamtoa vijiti mkononi taratibu, akanirudishia mimi, wakaondoka.

Kosa langu lilikuwa la mgeni, dada. Kwetu Mama amepiga ngoma harusi ngapi, akiwa amezungukwa na wanawake wenzake? Wapiga ngoma wa huku nimewatazama miaka yote nikiwasifu, na sikuwahi kujiuliza mbona sijaona mwanamke hata mmoja mwenye vijiti. Ni mwiko. Wanawake hucheza, hawapigi. Na siku hizi, nikaambiwa, si desturi tu, imeandikwa hata kwenye sheria.

Kesho yake Direktrisi akaniita. Wazazi walikuwa wamepiga simu. Akaamua kwamba siku ya kufunga mafunzo yetu, watakapokuja kuona kazi za watoto, wavulana watapiga na wasichana watacheza. Nikamwambia lile ni kopo la maziwa, si ngoma ya mfalme, na kama ni kopo tu, simu zinalia za nini? Nikamwambia mengi zaidi, mengine kwa Kifaransa ili yamuume vizuri. Mwisho nikamwambia nitaandika gazetini. Akavua miwani.

"Andika, Madamu. We siku moja utarudi kwenu. Mutoto atabaki hapa na babu yake."

Nimebishana na maprofesa, unajua. Hapo nilichukua mkoba wangu, nikatoka.

Siku zilizofuata sikutulia. Niliandika makala, nikaichana, nikaiandika tena ikiwa kali zaidi. Niliunguza dengu. Nilitembea kwa miguu kutoka Bwiza mpaka ziwani na kurudi bila sababu yoyote, na watu wa mtaa wakaanza kuniuliza kama nimefiwa. Makala ilikuwa nzuri, dada, ndilo lililoniudhi. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi ya Keza kusimama.

Nikaenda kwa mzee mwenyewe. Ujanani alikuwa mpiga ngoma, kisha akafanya kazi gereji za Bwiza miaka mingi, ndiko alikopata Kiswahili chake. Alinipokea kwa heshima, akanifungulia soda, akanieleza bila hasira. "Ngoma ni mama, Madamu. Iko na tumbo, iko na matiti. Mwanamuke hawezi kupiga mama."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mama apigwe na mwanaume? Hiyo hata polisi wanaijua."

Alicheka mpaka akaweka glasi chini, na huko jikoni bibi yake Keza alicheka kumshinda. Lakini kucheka si kukubali. Akasema, "We mukali kama pilipili. Lakini apana." Kisha akaomba aletewe lile kopo, maana Keza alikuwa analala nalo. Akaligeuzageuza, akazikagua zile kamba moja moja kwa kidole, akaniuliza nani alifunga. Nikamwambia ni Keza. Akauliza kama hakusaidiwa. Nikamwambia hakusaidiwa. Akalirudisha mezani, tukaongea habari za bei ya sukari.

Siku ya kufunga ikafika, wazazi wakajaa kwenye viti vya plastiki uani. Keza akaja na ngoma yake, nikashtuka. Ule mpira haupo. Mzee alikuwa ameivalisha ngozi ya mbuzi, ya kweli, imekazwa vizuri, na kuifunga kwa mafundo yaleyale ya mjukuu wake. Pamoja nayo akatuma agizo: ipigwe na Arseni, mtoto wa jirani yao.

Damu ilinipanda. Kuipamba kazi ya msichana kisha kumpa mvulana! Nikafungua mdomo, wazazi wote wako mbele yangu, hotuba ninayo tayari tangu ile makala. Nikamwona Keza anapita kiti kwa kiti akionyesha watu: hii ni yangu, nimefunga mi. Nikiwasha moto pale, yeye ndiye atakayevutwa mkono kurudishwa nyumbani kabla hajaisikia hata mara moja. Nikafunga mdomo.

Wavulana wakaanza. Ilikuwa kama maharage yanamwagika juu ya bati. Arseni, mtoto mwema, alikuwa anampungia mama yake mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Keza akatoka kwenye mstari wa wachezaji, akaja kusimama mbele yake.

"Apana hivyo. Tazama miguu yangu."

Akaanza kukanyaga. Si kucheza, dada, kukanyaga, vumbi likapanda mpaka magotini. Arseni akatazama miguu na kupiga kile miguu ilichosema. Aliye pembeni yake akafuata, kisha wengine, na ghafla ua mzima ukawa na mlio mmoja. Akiongeza kasi, wanaongeza. Akipunguza, wanashusha. Alipoinua mkono wote walinyamaza, isipokuwa mmoja aliyeendelea peke yake kwa furaha zake, watu wakavunjika mbavu.

Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Bonifasi. Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea juu ya goti. Nikamwinamia, nikamuuliza sasa pale nani alikuwa anapiga.

Hakugeuka. "Nimeona, Madamu. Usinilazimishe kusema."

Direktrisi anasema mambo yameisha vizuri. Wenye busara mtaani wananiambia desturi hubadilika polepole. Polepole ni neno la watu ambao si wao wanaosubiri. Polepole hiyo ikifika Keza atakuwa bibi. Sijui kama nimeshinda au nimeshindwa, na kutojua huko ndiko kunakonisimamisha hapa kwenye friji. Ninachojua ni kwamba yule mzee ameona, na mtu akishaona hawezi tena kurudi kutokuona, hata akinyamaza mpaka kaburini.

Mwangukie Mama miguuni kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, mume wako, anayesema ulimi wangu ungefaa kupasulia kuni. Msalimie shangazi aliyetulea, na kitindamimba wako anayesomea uuguzi; mwambie asome na vitabu ambavyo havimo kwenye mtihani. Jirani wa ukuta mmoja naye usimsahau.

Kalamu inaisha wino, mimi bado.

Mdogo wako akupendaye,
Hadija