Misumari Kwenye Njia ya Masanze

Wifi yangu Tatu,

Nimempata aliyekuwa akitutoboa matairi. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Unakumbuka? Kila siku ya gulio, wewe mbele na tenga lako la nyanya, mimi nyuma na bamia, tunatoka Masanze kwa ile njia ya mkato ya mashambani. Tukifika tu usawa wa shamba la Mzee Kibwana, pssss. Pancha. Leo yako, kesho yangu. Wewe ulisema ni miiba ya migunga. Wenzetu wakasema pale pana jini. Tunakaa chini tunabandika kiraka, na mzee anatoka kwake na kata ya maji. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Poleni na pancha. Kwa nini lakini msipite barabara kubwa?" Tukayanywa maji yake, Tatu. Tukamshukuru!

Siku ile sikuwa na wewe, nilikuwa na homa. Nimeelezwa tu. Ulipata pancha palepale, solusheni ya kubandikia kiraka ilikuwa imekuishia, ukaikokota baiskeli na mzigo wake hadi korongoni. Ungewahi ungevuka pakavu. Ulifika maji ya milimani yameshateremka. Baiskeli waliikuta imenasa kwenye matete. Wewe walikupata mbele zaidi.

Na Mzee Kibwana alikuja mazishini, akashika jeneza. Akanipa mkono. "Pole, mwanangu. Ni kazi ya Mungu."

Baada ya arobaini niliitengeneza baiskeli yako, nikapita nayo. Pssss. Safari hii sikubandika kitu. Nilipiga magoti nikapapasa vumbi kwa viganja, nikafukua gunzi la hindi lililochomekwa misumari, ncha juu. Nikapata lingine. Na lingine.

Niliyang'oa yote. Kesho yake asubuhi nikajificha ndani ya ufuta wake nikamngoja. Akaja na kikapu. Akainama, akachimba, akafukia, akasawazisha vumbi kwa kandambili, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu. Nikasimama. "Mzee, hayo unampandia nani?"

Alishtuka. Kisha akasema, "Mnanikanyagia ufuta. Nisililinde shamba langu?"

Nikapiga yowe mpaka watu wakaja na majembe yao.

Kwenye mkutano wa kitongoji alitamka neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Mvua sikuileta mimi." Kaka yako Shabani akatoka nje, nikamwona anajifuta macho. Mimi sikulia. Mimi nilitaka njia. Wazee wakakumbuka jinsi njia ilivyokuwa pana kabla huyu hajaanza kuimega kila msimu, na mwenyekiti akaamua irudi ilivyokuwa, katikati ya ufuta wake uliokaribia kuvunwa. Siku ya gulio baiskeli zote zilipita humo, ya kwanza yako, nimeipanda mimi. Nilisikia mashina yakivunjika chini ya tairi. Yeye kasimama mlangoni, kajishika kichwa. Nilifurahi, wifi. Nikageuza baiskeli, nikapita tena.

Shehe alimleta nyumbani kuomba radhi. Shabani amemsamehe, anasema hawezi kuishi na chuki na jirani. Mimi nilibaki jikoni, sikutoka. Siku hizi nikikutana naye simwamkii. Wanasema namvunjia heshima mtu mzima. Na waseme.

Sijui kama huko uliko unataka niache. Ukitaka niache, nisamehe wewe, maana siachi.

Mwanao Husna analala na mimi. Juzi kaniuliza mbona mama hakujua kuogelea. Nikamsuka nywele tu.

Haya, wifi yangu, pumzika. Shamba lako la nyanya nalipalilia. Na nakuahidi hili: miguu ya Husna ikifika tu kwenye pedeli, nitamfundisha baiskeli njia ileile, mbele ya mlango wa yule mzee. Akianguka, nitamwinua mimi. Yeye asithubutu kunyoosha mkono.

Wifi yako,
Rehema