Zeze Lako Kwenye Sauti ya Alto

Mwalimu wangu,

Mbukwa, kwa Kigogo chetu. Na shikamoo pia, usije ukasema tangu uende nimejisahau.

Kwaya wamenipa mimi. Ndiyo, mimi huyu huyu uliyekuwa ukiniambia nina masikio mazuri na mdomo mwingi. Nikitoka kazini Mtumba napitiliza kanisani na viatu vyangu vya ofisini, naanza kupigiana kelele na besi. Hawajabadilika. Wanafika sala ya kufungua imeshaisha, halafu wanauliza tumefika wapi. Mvua imenyesha vizuri, hapa kijijini Zuzu kote kijani, na mtama wenu umesimama. Hayo nilitaka uyajue kwanza.

Sasa habari yenyewe. Mama Neema, mkeo, tangu tukuzike hajaimba. Mazoezini hakosi. Anakaa mahali pake kwenye benchi la alto, anashika karatasi, midomo kimya. Sisi wote tunajifanya hatuoni. Na Jumapili hii tunabariki msalaba wa kaburi lako, na wimbo utakaoimbwa ni ule wako wa mwisho, ambao ubeti wa tatu umewaachia alto peke yao. Uliuandika ukimfikiria nani? Usinifanye mtoto, Mwalimu. Niliogopa uimbwe mbele ya kaburi na yeye amekaa kimya vile vile.

Nikaufungua kwenye kompyuta yako uliyoniachia. Jamani! Nota zote zipo, ila sauti zote nne umeziacha kwenye kinanda. Na watu wetu unawajua, wanajifunzia kwenye simu: nikituma kwenye grupu, kila mtu anasikiliza huku anapika au anasubiri gari. Kikilia kinanda kitupu, besi anashika soprano. Nikafanya ulivyonifundisha, kila mstari na chombo chake, soprano filimbi, alto klarineti, wanaume tarumbeta na tromboni. Ile sauti ya kompyuta ya watu wanaoitikia "aaa" sikuigusa. Ulikuwa ukisema, "Hawa wanaimba au wanaumwa jino?" Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, watu ofisini wananitazama.

Ubeti wa tatu, sasa, nikataka zeze. Programu haina zeze, unajua. Ina fidla, nayo ni safi mno, kama imetoka kuoga. Basi nikaenda kwako, nikamwomba mdogo wako alishushe zeze lako ukutani, akapiga nota moja moja, nikarekodi, nikaziingiza. Likakubali, Mwalimu! Juu ya mstari wa alto nikaweka alama: kuanzia hapa, zeze. Nikasikiliza ubeti ule, nikalia kidogo, nikatuma.

Kumbe nimesahau. Ukishauambia mstari uwe zeze, unabaki zeze mpaka uweke alama nyingine ya kuurudisha. Uliniambia hilo mpaka ukachoka. Alto wakapewa zeze hadi Amina ya mwisho, na wakalishika kama walivyolisikia, wee! Juzi mazoezini, kufika ubeti wa tatu, wote wakaanza kukwaruza. Kila neno linaanza na mkwaruzo wa upinde, "krr", ndipo sauti inafuata. Akina mama wazima, wamekaza shingo, wanakwaruza maneno ya sala, na walipotoka kwenye ubeti wakaendelea. Besi hawakuwa na mbavu kwa kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wimbo wako wa mwisho, na Jumapili ndiyo hiyo.

Mama Neema akaweka karatasi chini, akasimama. Nikajua anatoka, na harudi tena.

"Nyie, mnakwaruza nini?" akasema. "Zeze la mume wangu halikwaruzi hivyo. Linavuta."

Akawaonyesha. Akaimba ubeti mzima, peke yake, akiivuta kila nota kutoka chini taratibu mpaka ifike, vile ulivyokuwa ukivuta wewe. Kompyuta haikuwa na hicho, mimi nilikuwa nimechukua nota tu. Besi waliacha kucheka. Nilitaka nimfuate na kinanda, nikakifunika nimsikilize. Alipomaliza akawageukia alto, akawaambia, "Haya, na ninyi," wakaanza upya nyuma yake mpaka Amina.

Nimekukumbuka sana, Mwalimu. Lakini nina furaha, nasema wazi.

Leo asubuhi nimeufungua wimbo niongeze ile alama ya kurudisha klarineti, nikaona niache. Tayari wana mtu wa kumfuata. Ninachokuahidi ni hiki: Jumapili pale kaburini, ukifika ubeti wa tatu sitaongoza. Nitashusha mikono, nimwache mkeo aanze anapotaka mwenyewe. Akichelewa au akiwahi, hiyo ni juu yenu wawili.

Wewe sikiliza tu.

Mwanafunzi wako,
Sesilia